Babu Alizaliwa Wapi?

Wale mliosikiliza kipindi kilichopita mnakumbuka tuliwapa kazi ya nyumbani: waulizeni wazee wenu babu na bibi walizaliwa wapi, na walifikaje pale mnapopaita kwenu. Tulidhani ni swali tamu, la kuulizia jikoni wakati vitunguu vinakaangwa. Majibu yenu yametushangaza. Wengi mmetuandikia kwamba mzee alicheka, kisha akabadilisha mazungumzo. Mmoja wenu alijibiwa na mama yake kwa swali: "Nani anataka kujua?"

Mimi sikushangaa sana, kwa sababu yalishanikuta.

Baba yangu ni mtu wa Ujiji, Kigoma, ingawa Birmingham ameishi miaka mingi kuliko huko. Tulipokuwa wadogo alikuwa na hadithi moja aliyoirudia mpaka tukaikariri. Babu yake, akiwa kijana, alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi kutoka upande wa Kongo. Katikati ya ziwa upepo ukachafuka, ikabidi watupe mizigo yote majini, na babu akatia mguu Ujiji akiwa hana kitu ila shuka aliyovaa. Baba akifika hapo alisimama na kuonyesha jinsi babu alivyotembea sokoni amejifunga shuka kama mfalme. Tulicheka kila mara. Na Ujiji hadithi ya namna hiyo si ajabu hata kidogo, maana mji ule umejaa Wamanyema ambao wazee wao walitoka ng'ambo.

Mwaka 2019 niliandika mtandaoni sentensi tatu tu kuhusu mwandishi wa habari aliyekamatwa Dar es Salaam. Haikupita saa moja, simu ikalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama, hicho ulichoandika, kifute."

Nikamwambia mimi nina pasipoti ya Uingereza, watanifanya nini? Akanyamaza kidogo. "Wewe hawatakufanya kitu. Lakini baba yako mdogo yuko kule. Na babu yenu ni mmoja."

Nilifuta. Na tangu siku ile hadithi ya mtumbwi sikuisikia tena. Mtu akimuuliza baba asili yetu, anajibu kwa maneno manne: "Sisi watu wa Ujiji." Basi.

Makala hii ni ya kueleza kwa nini mzee mwenye akili zake timamu, anayeishi maelfu ya kilomita kutoka Kigoma, aogope hadithi ya babu yake mwenyewe.

Swali lisilo na cheti

Tuanze na sheria, nitakwenda polepole.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku hiyo ilibidi ijulikane nani ni raia. Sheria ilisema hivi: ukiwa umezaliwa Tanganyika, na angalau mzazi wako mmoja naye kazaliwa Tanganyika, basi wewe ni raia moja kwa moja. Wengine walitakiwa waombe. Kenya nayo ilipopata uhuru mwaka 1963 iliweka sharti la namna hiyo hiyo. Uraia wa kuomba kwa Kiswahili cha sheria unaitwa uraia wa tajnisi. Mtu wa tajnisi ni raia, lakini uraia wake ni mwepesi kunyang'anywa kuliko wa yule aliyezaliwa nao.

Sasa fikiria. Mtu aliyezaliwa mwaka 1945 anatakiwa athibitishe kwamba baba yake au mama yake alizaliwa ndani ya mipaka ya Tanganyika. Mzazi huyo labda kazaliwa mwaka 1915. Wapi kuna cheti? Vijijini hakukuwa na mtu wa kuandika vyeti vya watoto wa Kiafrika. Watu walihesabu umri kwa mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka Wajerumani walipoondoka.

Na mipaka yenyewe? Mwaka huo wa 1915 Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja, Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mtu akitoka Burundi kwenda Kigoma, au Rwanda kwenda Kagera, hakuvuka nchi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndipo Wabelgiji wakachukua Rwanda na Burundi, Waingereza wakachukua Tanganyika, na ndugu wakajikuta wako pande mbili. Kwa upande wa Mombasa, ukanda wa maili 10 wa pwani ulikuwa kisheria mali ya Sultani wa Zanzibar mpaka 1963, hata kama Waingereza ndio waliotawala.

Kwa hiyo swali "babu yako alizaliwa wapi?" mamilioni ya watu hawawezi kulijibu kwa karatasi. Na kwa kawaida hakuna anayewauliza. Wanapiga kura, wanalipa kodi, wanazikwa, bila kuulizwa. Shida ni pale serikali inapochagua nani wa kuulizwa.

Mbunge aliyeambiwa si raia

Februari 2001 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba watu wanne si raia. Aliyejulikana zaidi ni Jenerali Ulimwengu. Kama hamumjui, muulizeni mzazi yeyote aliyesoma magazeti ya Kiswahili miaka ya tisini. Alikuwa mwandishi, mwanasheria, na mkuu wa kampuni ya Habari Corporation iliyochapisha magazeti kama Rai na Mtanzania. Rai halikuwa gazeti la kupamba viongozi. Makala zake zilikuwa ndefu, kali, na watu walizisoma kwa sauti vijiweni.

Kabla ya hapo Ulimwengu alikuwa amekaa bungeni kuanzia 1990 hadi 1995. Aliapa kiapo cha mbunge, akatunga sheria za nchi. Miaka yote hiyo hakuna aliyeona tatizo. Kisha, akiwa na magazeti yanayoisumbua serikali, ikagundulika kwamba asili ya wazazi wake si Tanzania.

Wengine kati ya wale wanne walikuwa watu wa ndani kabisa, akiwemo Timothy Bandora, balozi wa Tanzania nchini Nigeria, na mwenyekiti wa CCM wa Mkoa wa Kagera. Yaani balozi, mtu anayeiwakilisha nchi mbele ya mataifa, anaambiwa nchi hiyo si yake. Siwezi kusema wote wanne waliadhibiwa kwa kukosoa. Lakini wananchi walielewa somo haraka: kama mbunge na balozi wanaweza kuulizwa, nani hawezi? Ulimwengu ilibidi aombe uraia kama mgeni, ndiyo ile tajnisi, katika nchi aliyoitumikia toka ujana wake.

Rais wa wakati huo, Benjamin Mkapa, naye alikuwa mwandishi wa habari na mhariri kabla ya kuingia siasa. Alijua vizuri kalamu inafanya nini.

Mombasa na Lusaka

Msidhani ni Tanzania peke yake. Wasikilizaji wetu wenye asili ya Mombasa huenda wamelisikia nyumbani jina la Sheikh Khalid Balala. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, vyama vingi viliporudi Kenya, yeye alikuwa sauti kubwa ya IPK, chama cha Kiislamu ambacho serikali ya Rais Moi ilikataa kukisajili. Balala alikuwa na maneno makali, na hata Waislamu wenyewe wa Mombasa hawakukubaliana wote naye. Serikali ilimkamata na kumshtaki mara kadhaa, lakini kila akitoka umati ulikuwa unamsubiri.

Mwishoni mwa 1994 akiwa safarini Ujerumani, serikali ikakataa kumpa pasipoti mpya. Sababu? Kwamba yeye ni raia wa Yemen. Alizaliwa Mombasa, ila familia yake ina asili ya Hadhramaut, kama familia nyingi mno za pwani. Balala akabaki Ulaya bila nchi mpaka Julai 1997 aliporuhusiwa kurudi. Miaka karibu mitatu. Hakukuwa na hukumu ya mahakama wala jela. Pasipoti iliisha tu, na hakuna aliyetia muhuri.

Huko Zambia mambo yalifika kileleni. Kenneth Kaunda alitawala tangu 1964 mpaka 1991. Alipotaka kurudi kwenye siasa, katiba ilibadilishwa mwaka 1996 ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia wa kuzaliwa. Wazazi wa Kaunda walitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Baba yake alikwenda Zambia kama mhubiri na mwalimu. Kabla ya hapo, mwaka 1994, viongozi wawili wa chama chake walifukuzwa nchini wakapelekwa Malawi. Halafu Machi 1999 mahakama ya Ndola ikatamka kwamba Kaunda mwenyewe hana uraia. Baba wa taifa, hana taifa! Alipinga, na mwishowe akabaki Mzambia mpaka alipofariki mwaka 2021.

Kaunda naye hakuwa malaika. Alipokuwa madarakani aliwaweka wapinzani kizuizini bila kesi. Nalisema hilo kwa sababu silaha hii haichagui mwenye nayo. Anayeinoa leo anaweza kukatwa nayo kesho.

"Tunachunguza uraia wake"

Tukirudi Tanzania, miaka ya 2017 hadi 2019 swali lile lilianza kuulizwa tena na tena. Niwape mifano.

Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo la Rulenge-Ngara alisema hadharani mwaka 2017 kwamba nchi inahitaji katiba mpya. Baada ya muda akaitwa na Idara ya Uhamiaji kuhojiwa uraia wake.

Julai 2018 shirika la Twaweza lilitoa utafiti wa maoni. Ulionyesha kwamba wananchi wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli wamefika asilimia 55, kutoka asilimia 71 mwaka uliotangulia na asilimia 96 mwaka 2016. Asilimia 55, jamani, wanasiasa wengi wangeifanyia sherehe. Kabla mwezi haujaisha, mkurugenzi wa Twaweza, Aidan Eyakuze, akachukuliwa pasipoti yake. Uraia wake unachunguzwa.

Mwaka huo huo Abdul Nondo, kiongozi wa wanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipotea, akapatikana Mafinga, kisha akashtakiwa kwamba alidanganya kuhusu kutekwa. Akiwa nje kwa dhamana, Uhamiaji nao wakamwita. Alitakiwa alete cheti chake cha kuzaliwa, vya wazazi, na vya babu na bibi zake. Cheti cha bibi! Novemba 2018 mahakama ilimwachia huru katika ile kesi.

Halafu Julai 2019, Erick Kabendera. Huyu ndiye niliyeandika sentensi zangu tatu juu yake. Alikuwa akiandikia magazeti ya nje kuhusu siasa za Tanzania. Polisi walimchukua nyumbani kwake, na maelezo ya kwanza waliyotoa kwa umma yalikuwa kwamba wanachunguza uraia wake. Uraia huo ulishawahi kuchunguzwa mwaka 2013. Wiki moja baadaye alifikishwa mahakamani, na mashtaka yakasomwa: kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi ya shilingi milioni 173, na kutakatisha fedha. Neno uraia halikuwemo.

Utakatishaji fedha hauna dhamana. Kwa hiyo alikaa mahabusu miezi saba. Tarehe 31 Desemba 2019 mama yake akafariki, na ombi lake la kwenda kumuaga mama yake likakataliwa. Februari 2020, kwa makubaliano na waendesha mashtaka, alikiri makosa mawili, akakubali kulipa mamilioni ya shilingi, akatoka.

Sisi tunaoishi mbali tunajua kukosa mazishi. Karibu kila nyumba ya kwetu huku ina mtu aliyezikiwa mzazi kwa simu. Lakini kuwa mji ule ule na jeneza, na usiende? Niliposoma habari ile nilielewa kwa nini baba alinipigia.

Kwa nini uchunguzi, na si kesi?

Kesi ina mwanzo na mwisho. Kuna hakimu, kuna wakili, kuna siku ya hukumu, na serikali inaweza kushindwa mbele ya watu. Uchunguzi hauna siku ya hukumu. "Tunachunguza" inaweza kukaa mwaka mzima, na muda wote huo pasipoti yako iko kwenye droo ya mtu. Safari ya kikazi imekufa. Rafiki zako wanaanza kujiuliza, labda kuna kitu. Na wewe, badala ya kuandika makala inayofuata, unahangaika kutafuta mzee mwenye umri wa miaka 90 atoe ushahidi kwamba alimjua bibi yako.

Tena uchunguzi wa uraia haukugusi wewe peke yako. Kama babu si raia, basi baba naye? Dada zako je? Shamba la ukoo je? Ndiyo maana wanaokunyamazisha kwanza ni watu wako mwenyewe, na kwa upendo kabisa.

Nataka niwe mkweli hapa. Serikali yoyote ina haki ya kujua raia wake ni nani. Kigoma na Kagera zimepokea wakimbizi wengi sana, na vyeti vya kughushi vipo. Afisa wa Uhamiaji anayeuliza maswali si lazima awe mtu mbaya. Na karatasi kukosekana si shida ya Afrika tu. Sisi wa Uingereza tuliona mwaka 2018 wazee wa Windrush kutoka Karibea wakiambiwa hawana haki ya kuishi katika nchi waliyoijenga kwa miaka 50. Lakini wale walinaswa na wavu uliotupwa kwa wote. Tunaowazungumzia leo walivuliwa kwa ndoana, mmoja mmoja. Ukitaka kujua ni uchunguzi wa kweli au ni fimbo, angalia tarehe. Swali limeanza kuulizwa lini? Kama mtu ameishi miaka 40, 50, amesoma shule za serikali, ameajiriwa na serikali, na swali likazaliwa wiki chache baada ya yeye kusema jambo, basi jibu mnalo.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliwahi kutoa hukumu muhimu kuhusu hili Machi 2018. Mlalamikaji, Anudo Ochieng Anudo, hakuwa mwanasiasa. Alikwenda kituo cha polisi Babati kushughulikia karatasi za ndoa yake, pasipoti ikachukuliwa kwa kuwa uraia wake una mashaka. Mwaka 2014 akasukumwa Kenya, Kenya nayo ikamrudisha, na akabaki akiishi kwenye kipande cha ardhi kati ya vituo viwili vya mpaka kule Sirari, si huku wala kule. Mahakama ilisema kwamba serikali ikimtambua mtu kuwa raia na kumpa hati, kisha ikageuka na kukanusha, serikali ndiyo yenye wajibu wa kuthibitisha. Kwa lugha nyepesi: usimwambie mtu alete cheti cha bibi yake, leta wewe ushahidi wako.

Ni hukumu nzuri. Lakini Novemba 2019, miezi minne baada ya Kabendera kukamatwa, Tanzania ilijiondoa katika utaratibu uliowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Jengo liko Arusha bado. Mlango kwa Mtanzania wa kawaida umefungwa.

Mtumbwi

Wanaohesabu hasara za mambo haya huhesabu magazeti yaliyonyamaza na watu waliokwenda jela. Ni sawa. Mimi naongeza hasara moja inayotuhusu sisi tuliozaliwa nje. Sisi hatuna shamba wala kaburi karibu. Tulichorithi ni hadithi. Na hadithi zenyewe za pwani na za maziwa karibu zote ni za kuvuka: mtu alitoka Hadhramaut kwa jahazi, alitoka Ngazija, alitoka Manyema, alifuata reli, alikimbia vita. Serikali ikizigeuza kuwa ushahidi dhidi ya watu, wazee wanazifuta kichwani kabla hazijatufikia. Kisha sisi tunafika chuo kikuu, tunalipa ada kubwa kusoma historia ya misafara ya Ujiji kwenye vitabu, huku mwenyewe amekaa sebuleni anatazama mpira.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa baba, nikamwambia nataka kuandika haya. Niliogopa atakataa. Akaniuliza, "Utaweka jina?" Nikasema sitaweka. Akafikiri, akaomba chai. Alipomaliza kikombe akanieleza kitu ambacho hakuwahi kutuambia hata enzi za hadithi: jina la kijiji cha babu, ng'ambo ya ziwa, na jina la dada wa babu aliyebaki kule. Alilitaja mara mbili ili nilishike. Kisha akasema, "Hilo la kijiji lako wewe. Usiliandike."

Sijaliandika.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani inabaki, ila tunaibadilisha kidogo. Mzee wako akikataa kujibu, usimlazimishe, na usimwone mshamba. Huenda anajua jambo usilolijua. Akikubali, mrekodi kwa simu yako, na rekodi ikae kwako. Usitutumie sisi. Usiiweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Tutumieni tu ujumbe wa sauti mtuambie mzee alipoulizwa alifanya uso gani, na ilichukua vikombe vingapi vya chai. Tutavisikiliza kwenye kipindi kijacho.